Faragha ya Mmoja Huhifadhiwa na Wengi

Wahenga walinena kwamba kuta zina masikio. Laiti wangaliishi hadi siku zetu hizi, bila shaka wangaliongeza kwamba hata mfuko wa suruali una masikio, na kwamba masikio hayo hayalali usiku wala mchana.

Mnamo Novemba 2024, watahiniwa wa kidato cha nne walipokuwa wakiendelea na mitihani ya KCSE, nilipigiwa simu na kijana mmoja niliyemfunza isimu chuoni. Kijana huyo sasa ni mwalimu wa Kiswahili huko Kutulo, mji mdogo ulio katika barabara itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Si mwenyeji wa huko; amezaliwa mlimani, mbali na nchi ya ngamia. Aliniambia kwamba kundi la walimu waliokuwa wakibadilishana madokezo ya masomo katika Telegram lilikuwa limenyamaza ghafla. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeziagiza kampuni za simu zizuie huduma hiyo ili kuwakabili wauzao mitihani ya wizi, kama ilivyokuwa imezuiliwa pia wakati wa mitihani ya mwaka 2023.

"Mwalimu," akaniuliza, "nimeonyeshwa programu ya VPN isemayo kwamba imegatuliwa, haina mwenyewe, na kwa hiyo hakuna awezaye kunichungulia. Je, niiamini?"

Nilimwomba anipe muda. Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa mitambo, nami nilikuwa na deni la kusoma kabla ya kujibu. Makala haya ni jibu nililompa, nikiwa nimelipanua kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu, maana swali lake si lake peke yake.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili tunayo maneno mawili ambayo wengi huyachanganya, nayo ni siri na faragha. Yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu. Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane. Faragha ni nafasi. Ni pale mahali ambapo mtu hana mtazamaji asiyemwalika. Mtu huoga faraghani, lakini si kwa sababu mwili wake ni siri, kwani kila mtu ajua mwili wa binadamu ulivyo. Huoga faraghani kwa sababu ana haki ya kuamua ni nani amwone. Ndiyo maana hoja ile ya kwamba asiye na la kuficha haitaji faragha ni hoja ya mtu aliyechanganya maneno. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, haikusema kwamba Mkenya ana haki ya siri. Ilisema ana haki ya faragha, na ikataja waziwazi kwamba mawasiliano yake yasiingiliwe.

Lipo neno la tatu, amana: kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine. Wasomali, ambao ndio wenyeji wa Kutulo, nao wanalo, ammaano, kutoka chemchemi ile ile ya Kiarabu. Naomba msomaji aliweke neno hili karibu, maana ndilo ufunguo wa mambo yote yafuatayo.

Sasa tutazame jinsi simu inavyosema. Mtu anapofungua ukurasa wa intaneti, ombi lake husafiri kama barua ndani ya bahasha. Siku hizi barua yenyewe aghalabu husimbwa, hata mchukuzi asiweze kuisoma. Lakini bahasha ina anwani ya mpelekaji na anwani ya mpelekewa, na kampuni ya simu, ambaye ndiye mchukuzi, huziona zote mbili. Hajui ulichoandika, ila anajua ulimwandikia nani, saa ngapi, na mara ngapi. Anayejua hayo anajua mengi. Mtu aandikaye usiku wa manane kwa zahanati ya maradhi fulani hahitaji kufunguliwa barua yake ndipo hali yake ijulikane.

VPN ni mtandao wa faragha uliojengwa ndani ya mtandao wa umma. Hufanya kazi kwa kuitia bahasha yako ndani ya bahasha kubwa zaidi iliyoandikwa anwani ya wakala. Kampuni ya simu huona tu kwamba umemwandikia wakala. Wakala huifungua bahasha ya nje, huituma ile ya ndani kwa jina lake mwenyewe, na jibu likija hukurudishia. Ndiyo maana pale huduma fulani inapozuiliwa, watu hukimbilia VPN. Hivyo ndivyo walivyofanya Waganda wengi tangu Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungiwa wakati wa uchaguzi.

Lakini tazama tulichofanya. Hatukuifuta amana, tumeihamisha. Yale yote ambayo kampuni ya simu iliyajua, sasa anayajua wakala. Na wakala huyo ni nani? Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni iitwayo Onavo, iliyotoa VPN ya bure na kuwaahidi watu ulinzi. Baadaye ikafichuka kwamba safari za watumiaji hao zilikuwa zikitazamwa ili Facebook ijue ni programu zipi za washindani wake zinazopendwa. Programu hiyo iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa. Mlinzi wa lango ndiye aliyekuwa akihesabu wageni wa nyumba.

Watu wa Garissa hawahitaji kuelezwa hatari ya mambo yote kukusanywa mahali pamoja. Katika miaka ya ukame, Wakenya wengi wa jamii za wafugaji walijiandikisha katika kambi za Dadaab pamoja na wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Walitoa alama za vidole. Wengine walikuwa watoto, na walioamua ni wazazi wao. Miaka ikapita, watoto wakawa watu wazima, wakaenda kuomba vitambulisho vya kitaifa, na mtambo ukawajibu kwamba wao ni wakimbizi. Maelfu walikwama hivyo, wasiweze kupata kazi rasmi, kufungua akaunti ya benki wala kusafiri bila hofu. Kidole kilichotolewa kwa ajili ya unga kikageuka kufuli la uraia. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, serikali ilikuwa imewaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wasailiwe upya na kupewa kadi za rangi ya waridi. Daftari moja linapojua yote, kosa moja la daftari hilo huwa hukumu isiyo na rufani.

Hapo ndipo linapoingia wazo la VPN iliyogatuliwa. Sisi Wakenya neno ugatuzi hatuhitaji kufafanuliwa. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47. Katika VPN ya aina hii hakuna wakala mmoja. Njia yako hupitia kompyuta za watu mbalimbali waliojitolea au wanaolipwa kidogo kwa kupitisha mizigo ya wengine. Orchid, iliyozinduliwa mwaka 2019, ni mfano mmojawapo. Mysterium na Sentinel ni mingine. Mzee wao katika fikra ni Tor, mtandao ulioanza kutumika mwaka 2002, ambao mbinu yake ilibuniwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mbinu hiyo imepewa jina la kitunguu, na jina limeafiki. Bahasha yako hufungwa ndani ya bahasha tatu. Kituo cha kwanza humenya ganda la kwanza. Kinakujua wewe lakini hakijui uendako. Cha pili hakikujui wala hakijui mwisho wa safari. Cha tatu kinajua uendako lakini hakijui ni nani aendaye. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na hakuna mwenye ukweli mzima.

Msomaji asidhani kwamba hili ni wazo geni lililozuliwa na watu wa mitambo. Barabara ile ile ipitayo Kutulo imeliona kwa macho. Mnamo 22 Novemba 2014, washambuliaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, na kuwaua watu 28, walimu wengi wakiwa miongoni mwao. Mwaka mmoja baadaye, 21 Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, likiwa njiani kwenda Mandera. Washambuliaji walitaka jambo lile lile: abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao wa Kikristo vitambaa vya kujifunika vichwa, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi akikataa utengano huo, akafariki Januari 2016. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na kisa hicho kikazaa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Tafakari, msomaji, ni nini hasa kilichowaokoa abiria wale. Hakikuwa kificho cha mtu mmoja mmoja. Mkristo aliyejifunika peke yake, katika basi ambalo wengine wote wamekubali kujitenga, angalionekana mara moja. Kilichomsitiri ni kwamba wengi walivaa kama yeye na wakakaa pamoja naye, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali kusema nani ni nani. Siri ya mmoja ilikuwa amana ya basi zima. Na hivyo ndivyo wanavyosema wajuzi wa usalama wa mitandao: mtu hawezi kujificha peke yake, kwa kuwa kinga ni umati wa wanaofanana. Mtandao uliogatuliwa wenye watumiaji watano hausitiri mtu. Wenye watumiaji wengi, wema kwa wasio wema, wenye haraka na wasio na haraka, ndio usitirio.

Lakini mfano huo huo unatufundisha udhaifu wake. Ingetosha abiria mmoja kunyosha kidole. Kwa hiyo, mwalimu anayeonyeshwa programu isemayo kwamba imegatuliwa hana budi kuuliza maswali kabla ya kukabidhi amana yake.

Swali la kwanza: je, njia hupitia kituo kimoja au vingi? Zipo VPN zinazojiita za ugatuzi ambazo, zikiachwa katika mpangilio wao wa kawaida, humpitisha mtu katika kompyuta moja tu ya mtu asiyemjua. Hapo hali si bora kuliko ya VPN ya kampuni. Huenda ni mbaya zaidi, kwani kampuni walau ina jina na yaweza kushtakiwa. Ugatuzi wa kweli si wingi wa vituo vilivyopo, bali ni wingi wa vituo ambavyo kila barua hupitia.

Swali la pili: je, vituo hivyo ni vya watu wengi kweli, au ni mtu mmoja aliyevaa kanzu nyingi? Mtu mwenye fedha aweza kufungua vituo mia na kuvipa majina mia. Akishika kituo cha kwanza na cha mwisho cha safari yako, ganda la kitunguu halina maana tena.

Swali la tatu: nani anasimama kwenye tundu la kutokea? Kituo cha mwisho huona chochote ambacho mtumaji hakukisimba mwenyewe. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Uswidi alifungua vituo vitano vya kutokea katika Tor, akatega sikio tu, akapata maneno ya siri ya barua pepe za balozi na idara za serikali mbalimbali. Wakubwa hao walidhani kwamba kificho cha njia ni kificho cha barua. Waliificha anwani wakaiacha barua wazi.

Swali la nne: je, mimi mwenyewe nitageuzwa kituo? Hili ndilo lisiloulizwa, nalo lina gharama. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba Hola, VPN ya bure iliyotumiwa na mamilioni ya watu, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wateja wengine. Mtu alidhani anapitia kwa wengine, kumbe wengine walikuwa wakipitia kwake. Huko Kutulo, ambako mwalimu hununua bando kwa kuhesabu sarafu, hilo ni wizi wa fedha. Tena ni hatari ya kisheria, maana afanyalo mgeni kupitia simu yako huonekana kana kwamba umelifanya wewe. Nchini Austria mtu aliyeendesha kituo cha kutokea alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa makosa ya watu waliopitia kwake.

Swali la tano: malipo yanaandikwa wapi? Nyingi za VPN hizi hulipwa kwa sarafu za kidijitali, na daftari la sarafu hizo aghalabu huwa wazi kwa kila mtu kulisoma. Si ajabu mtu akaficha safari yake yote, kisha akaacha stakabadhi yenye alama zake sokoni.

Hata majibu yote yakiwa mema, bado kuna mambo ambayo hakuna VPN iwezayo kuyaziba. Ukiingia katika akaunti yenye jina lako, umejitambulisha mwenyewe, na vitunguu vyote vya dunia havitakufaa. Programu uliyoiruhusu kusoma mahali ulipo itaendelea kupasoma. Na intaneti yote ikizimwa, kama ilivyozimwa Tanzania tangu siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, njia ya kificho haipo kwa kuwa njia yenyewe haipo. Watu wa mpakani wanalijua hilo kwa namna nyingine: milingoti ya simu imelipuliwa mara nyingi Mandera, Wajir na Garissa, na mji mzima ukabaki bila sauti.

Kwa kijana wangu, jambo hili halikuwa la nadharia. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na madarasa mengi yakabaki bila walimu. Yeye alikwenda huko baadaye, akijua hayo. Kwa mwalimu kama huyo, siku ya kupanda basi la kurudi nyumbani ni habari nyeti kuliko nenosiri lolote. Nilipomuuliza anavyoitunza habari hiyo, alisita, kisha akakiri kwamba huiandika katika kundi la ukoo lenye watu zaidi ya mia, wengine hata hawajui. Hapo VPN haina kazi. Barua ilisafiri salama, ikasomwa hadharani.

Sasa niseme neno kuhusu mitihani, nisije nikadhaniwa kuwa nawafundisha wanafunzi njia za panya. Mwizi wa mtihani ni adui wa mwanafunzi wa Kutulo kuliko wa mwingine yeyote, kwa sababu mtoto aliyesoma chini ya mti akishindana na mtoto aliyenunua majibu ameibiwa mara mbili. Serikali ina wajibu wa kumkamata mwizi huyo. Lakini kufunga soko zima kwa sababu ya mwizi mmoja huwaumiza wauzaji wa nyanya, na mwizi hutoka kwa mlango wa nyuma. Tena huwasukuma walimu na watoto, kwa haraka na bila ushauri, mikononi mwa mawakala wa bure wasiojulikana. VPN haijaharamishwa hapa Kenya. Tanzania, mnamo Oktoba 2023, iliwataka wenye kuitumia wajitambulishe kwa mamlaka, jambo ambalo ni sawa na kumwomba mtu aandike jina lake juu ya pazia.

Sisi walimu nasi tusijitoe lawamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni mara ngapi tunabandika alama za watoto ukutani, au kutuma orodha yenye majina, namba za usajili na simu za wazazi katika kundi la WhatsApp? Tunataka kampuni za ng'ambo zitutunzie amana, ilhali zile tulizokabidhiwa tunaziacha juani. Mtoto akimwona mwalimu wake akiheshimu jina lake, atajifunza maana ya faragha kabla hajaisikia VPN.

Basi nilimjibu nini kijana wangu? Nilimwambia kwamba programu isemayo haina mwenyewe ina wenyewe wengi, na kwamba wingi huo waweza kuwa heri au shari. Asiulize kama itamficha. Ajiulize swali moja: ni watu wangapi ni lazima waungane kunisaliti ndipo nidhurike? Kama jibu ni mmoja, basi hajapata ugatuzi, amebadilisha bwana. Kama ni watatu wasiojuana, amepata sitara ya kiasi chake. Na kama hajui jibu, asiipitishe kwa njia hiyo amana ambayo hawezi kuipoteza.

Mitihani ilipokwisha alinipigia tena. Hakuwa ameiweka programu ile. Alikuwa amefanya jambo dogo zaidi: siku hiyo ya safari alimwambia mkewe peke yake, kwa sauti, nao wakakubaliana kwamba wengine watajulishwa akishafika. Nilimpigia siku mbili baadaye. Alikuwa nyumbani, anakula.